Sauti, Lugha na Mkasi wa Mhariri: Maisha ya Paul Robeson na Funzo Lake kwa Filamu za Kiswahili katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha na kazi ya Paul Robeson (1898–1976), mwigizaji wa jukwaani na wa filamu kutoka Marekani, ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili jijini London. Hoja kuu ni kwamba kipaji cha mwigizaji, hata kiwe kikubwa kiasi gani, hakitoshi kulinda maana ya kazi yake. Maana hiyo hulindwa na mambo matatu: lugha, haki juu ya toleo la mwisho la kazi, na njia ya kuifikisha kazi kwa hadhira. Robeson alilikosa kila moja kati ya mambo hayo kwa nyakati tofauti, na kila mara alipolipata mafanikio yake yalikuwa ya aina nyingine. Makala inaisoma historia hiyo kutoka Wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha ya mpakani kila siku na sasa ni lugha rasmi kisheria, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera za lugha na za sanaa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: Paul Robeson, Kiswahili, filamu, haki ya uhariri, Rusizi

1.0 Utangulizi

Mji wa Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa zamani wa Cyangugu, unatazamana na jiji la Bukavu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati ya pande hizo mbili unapita Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Upande wa kusini, katika bonde la Bugarama, wilaya hii inapakana pia na Burundi. Mfanyabiashara anayevuka mpaka hapa hutoka katika eneo la Kinyarwanda na kuingia katika eneo la Mashi na Kifaransa, na lugha inayowakutanisha wauzaji na wanunuzi wa pande zote ni Kiswahili. Hali hiyo si ngeni. Wajerumani walipofungua kituo cha kijeshi Shangi, katika Nyamasheke ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, askari wao walikuja na Kiswahili, na lugha hiyo haikuondoka walipoondoka wao.

Kisheria, hadhi ya Kiswahili imepanda haraka. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2022 Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya. Wakuu wa nchi wanachama pia wameidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi za Jumuiya, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Mijadala ya namna ya kuitekeleza hadhi hiyo aghalabu huanzia shuleni, ofisini na sokoni. Filamu hutajwa mwishoni, kama burudani, ilhali ndiyo inayowafikia wasiosoma kitabu wala gazeti.

Makala hii inaligeukia suala la filamu kwa njia ya historia ya mtu mmoja. Robeson hakuwahi kufika Rusizi, na katika bara la Afrika aliishia Misri alikokwenda kupiga filamu. Hata hivyo, swali litakalomkabili kijana wa Kamembe atakayetia saini mkataba wa kuigiza katika filamu ya kampuni ya nje ndilo lililomkabili Robeson takribani miaka 90 iliyopita: nikishatoa sura yangu na sauti yangu, nani ataamua zinasema nini?

2.0 Kutoka Princeton hadi jukwaani

Paul Leroy Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 huko Princeton, katika jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka angali kijana, akasoma na hatimaye kuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alifariki kutokana na ajali ya moto mwaka 1904, Paul akiwa na umri wa miaka mitano. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Rutgers, wakati ambapo wanafunzi Weusi chuoni hapo walihesabika kwa vidole. Alihitimu mwaka 1919 akiwa mchezaji mashuhuri wa mpira wa miguu wa Kimarekani na mwanafunzi aliyechaguliwa kutoa hotuba ya mahafali. Mwaka 1921 alimwoa Eslanda Goode, na mwaka 1923 akahitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Uanasheria haukudumu. Katika kampuni ya mawakili alikoanza kazi, katibu mmoja Mzungu alikataa kuandika barua kwa imla yake kwa sababu ya rangi yake, naye akaondoka. Jukwaa likampokea. Mwaka 1924 aliigiza na kundi la Provincetown Players katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill, All God's Chillun Got Wings na The Emperor Jones. Aprili 1925, akifuatana na mpiga piano Lawrence Brown, alifanya jijini New York tamasha lililojaa nyimbo za kiroho na za kazi za Wamarekani Weusi. Mwaka 1928 aliimba Ol' Man River katika tamthilia ya muziki ya Show Boat jijini London, na mwaka 1930 akaigiza Othello katika jiji hilohilo, Peggy Ashcroft akiwa Desdemona. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, nafasi ya Othello katika majukwaa makubwa ya Uingereza ilikuwa ikichukuliwa na Wazungu waliojipaka rangi.

Upande wa filamu, dalili za tatizo zilionekana mapema. Filamu yake ya kwanza, Body and Soul ya mwaka 1925, ilitengenezwa na Oscar Micheaux, mtayarishaji Mweusi aliyejitegemea. Wadhibiti wa filamu wa New York walimlazimisha Micheaux kuikata na kuipanga upya kabla ya kuiruhusu. Katika filamu ya The Emperor Jones ya mwaka 1933, mwigizaji Mweusi mwenye rangi nyeupe kiasi, Fredi Washington, alilazimika kupakwa rangi ya giza ili watazamaji wasidhani kwamba Robeson anamkumbatia mwanamke Mzungu. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kilichoonekana kwenye pazia la sinema hakikuwa kile tu ambacho waigizaji walikitenda. Palikuwa na mikono mingine kati yao na mtazamaji.

3.0 Kiswahili jijini London

Robeson aliishi London sehemu kubwa ya kipindi cha kuanzia mwaka 1928 hadi 1939. Huko alikutana na wanafunzi na wanasiasa kutoka Afrika Magharibi, Mashariki na Kusini, mabaharia wa bandarini na wanazuoni wa lugha. Katika miaka ya 1933 na 1934 alijiandikisha katika Taasisi ya Taaluma za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London, akajifunza fonetiki na lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo.

Wakati huo una uzito wake katika historia ya lugha hii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Makoloni ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kazi mwaka 1930. Kiswahili kilikuwa kikisanifiwa na maofisa na wamisionari kwa mahitaji ya shule na utawala wa kikoloni. Robeson alikiendea kwa sababu tofauti kabisa. Katika makala alizochapisha mwaka 1934 na miaka iliyofuata, alidai kwamba Mmarekani Mweusi aliyejitenga na Afrika anabaki kuiga wengine, na kwamba lugha za Kiafrika zina utajiri wa kueleza fikra za kina ambao Wazungu wengi hawakuujua au hawakutaka kuukubali. Alisikia katika nyimbo za kiroho alizorithi mapigo na mpangilio wa sauti aliouona pia katika lugha alizokuwa akijifunza. Baadhi ya ulinganisho wake haungekubaliwa na wanaisimu wa leo, lakini msimamo wake wa msingi ulikuwa wazi: lugha ya Kiafrika ni chombo cha fikra, na si lahaja ya kutolea amri kwa vibarua.

Msimamo huo ulimfanya auangalie kwa matumaini Muungano wa Kisovieti, alikokwenda mara ya kwanza Desemba 1934 kwa mwaliko wa mwongozaji wa filamu Sergei Eisenstein. Aliona mataifa madogo yaliyokuwa hayana maandishi yakipewa alfabeti, shule na majukwaa ya maigizo katika lugha zao, akahitimisha kwamba Afrika nayo ingeweza kuruka hatua hiyo kwa kizazi kimoja. Hapa mtafiti anapaswa kuwa mwangalifu. Mwaka 1938 dola hiyohiyo ilikifanya Kirusi kuwa somo la lazima katika shule zote za wasio Warusi, na Robeson hakuzungumzia hadharani ukandamizaji uliofanywa chini ya Stalin. Sera ya lugha aliyoisifu ilikuwa imetolewa na mamlaka yaleyale yaliyoweza kuibana. Kwa mtunga sera, sehemu hii ya maisha yake ina onyo ndani yake: hadhi inayotolewa kwa tamko hupungua pia kwa tamko, isipokuwa pale ambapo wenye lugha wamekwisha kujijengea vyombo vyao.

4.0 Sanders of the River: uigizaji bila mamlaka

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1935. Kampuni ya Alexander Korda ilikuwa ikitengeneza Sanders of the River, filamu iliyotokana na hadithi za Edgar Wallace kuhusu ofisa wa kikoloni nchini Nigeria. Mwongozaji, Zoltan Korda, alikuwa amekaa Afrika kwa miezi kadhaa akirekodi ngoma, nyimbo na maisha ya vijijini. Robeson alivutiwa na rekodi hizo. Aliamini kwamba kwa mara ya kwanza filamu kubwa ingeionyesha Afrika kwa heshima, akakubali kuigiza Bosambo. Kijiji kilijengwa katika studio ya Shepperton, na waigizaji wa ziada wakatafutwa miongoni mwa Waafrika na Weusi wengine waliokuwa Uingereza. Mmoja wao, aliyeigiza chifu, alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye miaka hiyo alikuwa pia akisaidia uchunguzi wa fonetiki ya Kigikuyu katika Chuo Kikuu cha London.

Filamu iliyotoka haikuwa ile ambayo Robeson aliitegemea. Katika toleo la mwisho, ngoma na nyimbo zilikuwa pambo la simulizi linalomsifu ofisa Mwingereza. Bosambo akawa mtumishi mwaminifu wa dola, na amani ya Afrika ikategemea kurudi kwa bwana. Robeson alijitenga nayo na kuishutumu kwa miaka mingi. Hakuwa amelaghaiwa kuhusu mavazi wala mandhari. Alichokikosa ni sauti katika chumba cha uhariri, ambako vipande vyenye heshima vilipangwa ili vitoe maana isiyo na heshima. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba wawili kati ya waliosimama mbele ya kamera hiyo walikuwa wanazijua lugha za Afrika Mashariki: Kenyatta kwa kuzaliwa na kukua nazo, Robeson kwa kuzisoma. Ujuzi wao haukuwa na nafasi popote katika mkataba.

Miaka hiyohiyo, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na jaribio jingine. Mradi wa elimu kwa filamu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, uliodumu kutoka mwaka 1935 hadi 1937 kwa fedha za Shirika la Carnegie, ulitengeneza filamu fupi kuhusu kilimo, afya na uwekaji akiba. Waigizaji walikuwa Waafrika, na maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, kisha filamu zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Katika Sanders wenyeji walikosa lugha na uhariri kwa pamoja. Katika BEKE lugha ilikuwapo, lakini ujumbe uliamuliwa na maofisa: mara nyingi mwanakijiji wa kale alikosea na yule wa kisasa akafaulu. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kuweka Kiswahili katika filamu si sawa na kuwapa Waswahili filamu. Lugha ni sharti la lazima, lakini si sharti pekee.

5.0 Mkataba: pale mamlaka yalipopatikana

Robeson alijifunza kutokana na Sanders. Alipokubali kuigiza katika Song of Freedom mwaka 1936, alipata katika mkataba haki ya kuidhinisha toleo la mwisho, jambo lililokuwa nadra kwa mwigizaji yeyote wa wakati huo, seuze Mweusi. Filamu inamhusu kuli wa bandari jijini London anayegundua kwamba yeye ni mrithi wa ufalme wa Kiafrika. Sehemu za London zinaonyesha familia ya Weusi yenye utu wa kawaida, mume na mke wanaopendana na kuheshimiwa na majirani. Hata hivyo, sehemu za Afrika zimejaa kisiwa cha kubuni na watu washirikina. Haki ya uhariri ilizuia tusi la wazi, ila haikuweza kuzaa maarifa ambayo mwandishi wa hadithi hakuwa nayo. Haki bila ujuzi wa mahali ilikwamia hapo.

Mwaka 1937 aliigiza Umbopa katika King Solomon's Mines, na mwaka huohuo akapiga Jericho, sehemu yake ikiwa Misri. Mwaka 1940 ilitoka The Proud Valley, kuhusu wachimba makaa wa Wales, filamu aliyoipenda kuliko nyingine kwa sababu ilimwonyesha Mweusi kama mfanyakazi miongoni mwa wafanyakazi. Mwaka 1942, baada ya kuigiza katika Tales of Manhattan na kuona wakulima Weusi wakionyeshwa tena kama watu wajinga, alitangaza kuachana na filamu za Hollywood. Alikuwa na umri wa miaka 44, na hakucheza tena filamu ya hadithi.

Jukwaani mambo yalikuwa tofauti. Katika matamasha yake, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1930, alibadilisha maneno ya Ol' Man River: wimbo uliokuwa wa mtu aliyechoka na kukata tamaa ukawa wa mtu anayeendelea kupambana. Hakuna studio iliyoweza kumzuia, kwa kuwa kati yake na hadhira hapakuwa na mhariri. Tarehe 19 Oktoba 1943 Othello ilifunguliwa Broadway chini ya uongozaji wa Margaret Webster, Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago. Ilionyeshwa mara 296, idadi iliyozidi ile ya tamthilia yoyote ya Shakespeare iliyotangulia Broadway. Kundi hilo lilipozunguka Marekani, lilikataa kuigiza katika kumbi zilizowatenga watazamaji kwa rangi. Sharti hilo lilikuwa la kimkataba, na lilibadilisha, walau kwa usiku mmoja, nani ameketi wapi katika miji iliyozoea kuwatenga Weusi.

6.0 Pasipoti na mpaka: sharti la usambazaji

Wakati huo Robeson alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Masuala ya Afrika, lililoasisiwa mwaka 1937 na kupigania uhuru wa makoloni. Mkewe Eslanda, aliyesomea anthropolojia London, alikuwa amezuru Afrika Kusini na Uganda mwaka 1936 pamoja na mtoto wao, na mwaka 1945 akachapisha kitabu cha safari hiyo, African Journey. Mwaka 1946 alirudi barani, safari hii akipita Kongo. Kwa hiyo habari za ukanda wetu zilifika nyumbani kwa Robeson kupitia mtu aliyeuona kwa macho yake. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952 na Kenyatta kukamatwa, Baraza hilo lilikuwa miongoni mwa sauti chache nchini Marekani zilizowatetea Wakenya.

Gharama ilikuwa kubwa. Mwaka 1949 tamasha lake huko Peekskill, New York, lilishambuliwa na makundi ya wabaguzi. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti. Katika hoja zake mahakamani, Wizara ya Mambo ya Nje ilitaja, miongoni mwa sababu, kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipigania uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kumbi zilimfungia milango, redio zikamnyamazisha, na rekodi zake zikaondolewa madukani. Mtu aliyekuwa miongoni mwa waigizaji mashuhuri zaidi duniani alikuwa na lugha zake zote na haki ya kusema atakavyo, lakini hakuwa na njia ya kuifikia hadhira.

Njia alizozitafuta ndizo zinazostahili kuchunguzwa. Januari 1952 alizuiwa kuvuka kuingia Kanada kuhutubia mkutano wa wafanyakazi wa migodi, ingawa raia wa Marekani hawakuhitaji pasipoti kwenda huko. Tarehe 18 Mei 1952 alirudi kwenye mpaka huohuo, katika bustani ya Peace Arch, akasimama juu ya lori upande wa Marekani na kuwaimbia maelfu ya watu, wengi wao wakiwa upande wa Kanada. Mwili haukuvuka; sauti ilivuka. Baada ya hapo alianzisha kampuni yake ya kurekodi santuri na kuziuza moja kwa moja kwa makanisa, vyama vya wafanyakazi na wapenzi wake. Mwaka 1957 aliwaimbia kwa simu, kupitia waya uliopita chini ya bahari, watazamaji wa London, kisha wachimba makaa wa Wales waliokusanyika Porthcawl. Juni 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza watu walioitwa wasaliti wa taifa, naye akakataa kuyakana maoni yake.

Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba serikali haikuwa na mamlaka ya kuwanyima raia pasipoti kwa sababu ya imani zao. Robeson akarudishiwa yake. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chake Here I Stand, na mwaka 1959 akaigiza Othello kwa mara ya mwisho huko Stratford-upon-Avon. Afya yake ilikwisha kudhoofika. Alirudi Marekani mwaka 1963, na akafariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Miaka minane ya ukimya wa kulazimishwa ilitosha kwa kizazi kizima kukua bila kulisikia jina lake.

7.0 Funzo kwa Rusizi na kwa ukanda

Masharti matatu yaliyojitokeza katika maisha haya, yaani lugha, haki ya uhariri na usambazaji, yanaweza kutumika kupima hali ya filamu katika ukanda wetu.

Kuhusu lugha, Rwanda ina uzoefu wake. Filamu nyingi zilizoijulisha nchi hii duniani ziliwapa wageni nafasi kuu na zilizungumza Kiingereza. Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ambamo Don Cheadle, Mmarekani, ndiye mwigizaji mkuu, ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Dhidi ya mkondo huo, tamasha la filamu la Rwanda lililoanza mwaka 2005 limekuwa likipeleka filamu za Kinyarwanda vijijini kwa pazia la kuhamishika, na Munyurangabo ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba filamu ndefu ya Kinyarwanda inaweza kusimama katika majukwaa ya kimataifa. Kiswahili hakina budi kuingia katika mkondo huu bila kukinyang'anya Kinyarwanda nafasi. Katika Rusizi lugha hizi mbili zina kazi tofauti: Kinyarwanda cha nyumbani na Kiswahili cha kuvukia mto. Filamu ya Kinyarwanda yenye sauti au maandishi ya Kiswahili ingefika Bukavu, Uvira na Bujumbura bila kuacha asili yake.

Kuhusu uhariri, ukanda una sanaa ambayo sera nyingi hazijaitambua. Nchini Rwanda filamu za kigeni zinazofafanuliwa kwa sauti ya msimulizi huitwa agasobanuye. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kampala ina wasimulizi wake mashuhuri. Msimulizi hatafsiri neno kwa neno. Huongeza mzaha, methali na hukumu juu ya wahusika. Robeson alinyimwa nafasi ya kuisahihisha Sanders. Msimulizi wa Kamembe husahihisha filamu ya kigeni kila jioni, akimfanya mtazamaji amcheke shujaa ambaye studio ilitaka asifiwe. Hayo nayo ni mamlaka ya uhariri, ingawa yanapatikana bila leseni na bila malipo kwa mwenye filamu, na kwa hiyo msimulizi mwenyewe hana ulinzi wa kisheria juu ya sauti yake. Kumfukuza kwa jina la hakimiliki kungekuwa kupoteza wataalamu ambao hakuna chuo kilichowafunza. Kumwacha kama alivyo kunawaumiza wenye filamu, wakiwamo watayarishaji wa hapa nyumbani.

Kuhusu usambazaji, tamasha la Peace Arch linatukumbusha kwamba mpaka haufungwi kwa watu wote kwa namna moja. Mfanyabiashara mdogo wa Rusizi anaweza kuvuka asubuhi na kurudi jioni akiwa na kikapu chake. Filamu iliyoidhinishwa upande mmoja haina uhakika huo upande wa pili. Taratibu za udhibiti, kodi na leseni hutofautiana, na mtayarishaji asiye na mtaji huishia kuacha kazi yake inakiliwa bila ruhusa.

Kutokana na haya, makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, taasisi za sanaa za nchi wanachama, zikishauriana na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, ziandae mkataba wa mfano kwa waigizaji, kwa Kiswahili na kwa lugha za taifa, wenye kifungu kinachompa mwigizaji mkuu na mshauri wa lugha haki ya kuliona toleo la mwisho na kutoa pingamizi la maandishi. Pili, kila filamu ya kigeni inayopigwa katika ukanda na kutumia lugha zetu ilazimike kuwa na mshauri wa lugha mwenye jina na malipo. Tatu, wasimulizi wa filamu wasajiliwe, wapewe mafunzo mafupi ya hakimiliki, na wapewe leseni nafuu ya kusimulia filamu za ukanda kwa Kiswahili. Nne, kibali kimoja cha kuonyesha filamu kitambulike Rwanda, Burundi na Kongo, na utaratibu huo ujaribiwe kwanza katika mpaka wa Rusizi na Bukavu, ambako hadhira ya pande mbili tayari inazungumza lugha moja.

8.0 Hitimisho

Robeson alisoma Kiswahili wakati ambapo walio wengi waliomzunguka walikiona kuwa lugha ya kuwaamrisha vibarua. Alikisoma akiamini kwamba mwigizaji anayetaka kuiwakilisha Afrika hana budi kuisikia kwanza kwa lugha zake. Imani hiyo haikumwokoa katika Sanders of the River, kwa kuwa mkataba ulikuwa wa wengine. Haikutosha katika Song of Freedom, kwa kuwa hadithi ilikuwa ya wengine. Na haikufika mbali kati ya mwaka 1950 na 1958, kwa kuwa njia zilikuwa za wengine. Kiswahili sasa kina hadhi ya kisheria ambayo katika miaka ya 1930 hakuna aliyeitarajia. Kilichobaki ni kazi isiyo na shangwe: kuandika vifungu vya mikataba, kuwalipa wasimulizi, na kuoanisha vibali vya nchi tatu. Bila kazi hiyo, sura za watu wa Rusizi zitaendelea kuonekana katika filamu za dunia, na maneno yatakayotiwa vinywani mwao yatachaguliwa mbali na mto huu.